Kwenda Juu Kumchukua Mama Yake Mabula

Tangu nirudi sijaweza kupita mnadani bila kuzuiwa na mtu. Anashika usukani wa pikipiki yangu na kusema, "Bwana mifugo, hebu tuambie, huko juu kukoje?" Nikianza tu kusimulia, ng'ombe wake anachomoka, naye anamkimbilia, na mimi nabaki na nusu ya habari mdomoni. Kwa hiyo nimeamua kuiandika yote, muisome mkiwa mmekaa. Habari za fomu, picha ndogo na kuzungushwa ofisi hii na ile nimeziacha. Zilituchukua miezi mitano na hazina utamu wowote.

Kwa wasiomjua, Mabula ni jirani yangu hapa Shishiyu. Alifika miaka minne iliyopita siku ya mvua kubwa, yeye, mkewe na watoto wao wawili, ndani ya chombo kilichojichomeka kwenye jaruba la mpunga nyuma ya shule kama jembe lililorushwa. Walikuwa wamekimbia vita iliyounguza nchi yao, na nchi yao ni mbali kiasi kwamba ukiuliza kilomita unachekwa. Kwa kuwa walikuja na mvua, wazee waliwapa majina ya mvua: mume Mabula, mke Kabula. Majina yao ya kwao walibaki nayo kwa matumizi ya nyumbani.

Muuguzi wa zahanati aliwatazama siku ile, akanawa mikono, akasema, "Hawa siyo wa kwangu. Mwiteni bwana mifugo."

Nilikataa. Nilisema mimi nimesomea ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda kidogo. Lakini nilikuwa mtu pekee mwenye kipimajoto kirefu, basi nikaenda. Ni watu warefu, wembamba, rangi ya udongo wa mbuga uliolowa, na hawana masikio. Wanasikia kwa viganja. Mmoja wao akitaka kukusikia vizuri, anainua mikono yote miwili na kukuelekezea viganja. Shikeni hilo, maana nusu ya matatizo ya safari yetu yalitoka hapo.

Ugali uliwatapisha, maziwa yaliwatoa vipele. Siku ya tatu nilimkuta mtoto wao mdogo kwenye hori la jirani, analamba mashudu, yale makapi ya mbegu za pamba tunayowapa ng'ombe wakati wa kiangazi. Nikampa na baba yake. Wote wanne wakanenepa. Tangu hapo mimi ndiye daktari wao, na kwenye kila karatasi ya serikali mimi ndiye mdhamini.

Mwaka huu habari ikaja. Juu yetu, mbali kuliko ndege zinakopita, zimeegeshwa meli za watu wao ambao bado hawajaruhusiwa kushuka. Mwenye ndugu huku chini anaweza kushushwa, mradi ndugu huyo apande mwenyewe, amtambue uso kwa uso, akiwa na mwenyeji wa kumdhamini. Mabula alinikuta joshoni naogesha ng'ombe. Alisimama pembeni mpaka nikamaliza, ndipo akasema, "Baba, mayu yupo. Jina lake liko kwenye orodha ya meli."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, kama mnavyojua, na Mabula aliyaongea maneno hayo kama mtu anayebeba yai mdomoni.

SHISHIYU HADI BARIADI, JUU YA PAMBA

Aliyeogopa zaidi ni Kabula, mkewe. Wiki nzima alipiga nyumba lipu ya udongo upya, ndani na nje. Asubuhi ya kuondoka alinipa kitenge cha kumpelekea mkwewe, akaninong'oneza, "Baba, wewe humjui yule mama. Siku ya harusi alisema mbele ya watu kwamba nina viganja vidogo."

Mke wangu alinipa ndoo ya michembe, yale mapande ya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwa sababu haamini kwamba mahali popote duniani au juu yake pana chakula cha kutosha, na kuku jike wa kumkaribisha mgeni. Nilimwambia mgeni anakula mashudu. Akasema siyo suala la kula, ni suala la adabu.

Tulipanda Fuso lililokuwa linapeleka pamba kiwandani Bariadi. Dereva ni Shabani, kijana wa mjini ambaye baba yake ana duka la vipuri karibu na msikiti. Alituweka juu ya mafurushi, akatufunga kamba kiunoni kama mzigo. Mabula alijilaza kwenye pamba akafumba macho. Mimi nilikaa na kuku.

Kabla ya kufika Maswa mjini, tairi la nyuma lilipasuka. Shabani alisema nusu saa. Zilikuwa saa nne, kwa sababu jeki ilikuwa imeazimwa na mtu ambaye naye ameiazimisha. Wamama waliokuwa wanachuma pamba shamba la jirani walikuja kututazama. Mmoja alikuwa mzee kidogo, akamsogelea Mabula na kumsalimu, "Mwadila, baba." Mabula akajibu kwa Kisukuma kizuri, akamuuliza habari za watoto, za ng'ombe, za mvua. Yule mama akageuka kwa wenzake akasema, "Huyu ni mtu wa Ipililo. Nimemjua kwa matamshi." Wakaridhika wote, wakarudi shambani.

Bariadi tulifika alasiri. Fuso likapandishwa mzani wa kiwanda, na hapo mambo yakaharibika. Uzito haukulingana na ule ulioandikwa kule kijijini. Karani, kijana mwenye kalamu mbili mfukoni, akasema moja kwa moja kwamba kuna watu wametia mawe ndani ya pamba, na tunajua kwamba watu kweli hufanya hivyo. Mimi nilikuwa nimeshuka kutafuta choo. Karani akapanda juu kukagua, akachomeka mkono kwenye furushi lililovimba, akashika mguu.

Aliposhuka hakutumia ngazi.

Mlinzi akaja na rungu. Mabula akajitokeza kwenye pamba, hajui kinachoendelea, akainua mikono yote miwili ili asikie vizuri. Mlinzi akaona mtu amesalimu amri. "Umefanya nini?" akamuuliza. Mabula hakuelewa swali, akainua mikono zaidi. "Amekiri," mlinzi akamwambia karani. Nilirudi nikifunga mkanda, nikamkuta jirani yangu ameketishwa chini kwa kosa ambalo bado linatafutwa jina. Ilibidi nieleze, Shabani aeleze, na mwishowe Mabula mwenyewe akakiri kitu cha kweli: kwamba njiani alikuwa amekula mbegu za pamba, siyo nyingi, kwa kuwa alikuwa na wasiwasi na yeye akiwa na wasiwasi hula. Karani akaandika kitu kwenye daftari lake. Mpaka leo natamani kujua aliandika nini.

BARIADI, SIKU MBILI TUSIZOZIPANGA

Chombo cha kupanda juu kilikuwa kiondoke Kiloleli, kule ziwani, siku iliyofuata. Simu ikaja kwamba kimeahirishwa siku mbili, jua limechafuka. Nilitoka nje nikalitazama jua. Lilikuwa kama siku zote.

Tulilala gesti moja nyuma ya stendi. Mwenye gesti, Mama Rehema, aliweka daftari la wageni mezani na kuanza kumwandikisha Mabula.

"Unatoka wapi?"

"Shishiyu."

"Unakwenda wapi?"

"Juu."

Akaandika Juu bila kuinua macho. "Kabila?"

Mabula akanitazama, kisha akasema, "Msukuma."

Mama Rehema ndipo akamtazama. Alimtazama kuanzia miguuni kwenda juu, na ni safari ndefu. Akasema, "Wasukuma mko wengi sana," akaandika.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Mabula ni mtu wa kanisani tangu alipofika, basi tukaenda kwenye kanisa moja jirani na gesti. Mchungaji alikuwa na sauti ya chini na kipaza sauti kilikuwa kimekufa. Mabula, akiwa benchi la nyuma, akainua mikono ili asikie. Mchungaji alimwona mgeni mrefu kuliko dirisha ameinua mikono kwa Bwana, akaguswa, akashusha sauti zaidi kwa unyenyekevu. Mabula akainua mikono juu zaidi. Mchungaji akazidi kuguswa. Watu wa mbele waligeuka, nao wakaanza kuinua mikono. Ibada iliyokuwa iishe saa tano iliisha saa saba na nusu, watatu wameokoka, na mimi njaa ikiniuma. Tulipotoka Mabula aliniuliza, "Alikuwa anasema nini? Sikusikia hata neno."

Jioni alikaa kwenye ngazi za gesti akaniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema. Siku ya kukimbia, mama yake alikuwa upande wa pili wa mji. Mabula alikuwa na nafasi ya kumsubiri au kuondoka na watoto. Akaondoka. "Atakuja kuniuliza," alisema. "Sijui nitamjibu nini." Mimi kazi yangu ni ng'ombe. Nilimpa michembe, nikakumbuka hawezi kuila, nikaila mwenyewe.

BARIADI HADI KILOLELI, NDANI YA CHAKULA

Shabani alipata mzigo wa mashudu wa kupeleka Kiloleli, akatuchukua tena. Safari hii alimtaka Mabula akae mbele naye, lakini kichwa kilikuwa kinagonga paa, basi akapanda juu ya magunia. Ilikuwa kama kunisafirisha mimi juu ya lori la nyama choma.

Tulipita Lamadi, tukakata kushoto kufuata barabara ya Mwanza, ziwa likionekana upande wa kulia. Kabla ya Nyashimo tukasimamishwa na askari wa barabarani.

"Umebeba nini?"

"Mashudu," alisema Shabani.

"Na yule?"

"Mlinzi wa mzigo."

Askari akarudi nyuma kutazama. Mlinzi wa mzigo alikuwa na mashudu mpaka kwenye kope, na anatafuna. Askari akafikiri kwa muda mrefu. "Mwambie alinde taratibu," akasema, akatupungia mkono tupite.

Kiloleli ilinifurahisha. Tulikula wali na sato kwa mama mmoja aliyejua kabisa anachokifanya, na Mabula akaombewa mashudu kwa mwenye ng'ombe wa jirani, akawekewa kwenye sahani ya udongo na kitambaa cha mikono pembeni. Nilitamani tuahirishwe tena.

KILOLELI KWENDA JUU

Kiwanja cha vyombo kipo kwenye tambarare baada ya majaruba. Msichana wa mapokezi alinikataza kuku.

"Kiumbe hai hapandi bila kuandikishwa," alisema.

"Basi muandikishe."

Alitafuta fomu ya kuku, hakuna. Zilikuwepo fomu za aina mbili tu: wasindikizaji na waombaji hifadhi. Kuku hakuwa na kitambulisho cha taifa, kwa hiyo hakufaa kuwa msindikizaji. Akaandikwa kwenye ile nyingine, akafungwa namba mguuni.

Kuhusu kupanda kwenyewe siwezi kusema mengi kwa sababu nilikuwa nimefumba macho. Walitufunga mikanda. Kifua kikabanwa kama umelaliwa na fahali. Baadaye kikaachiliwa, na tumbo langu likaelewa vibaya. Sato wa Kiloleli alirudi. Huko hakuna chini, kwa hiyo kilichotoka hakikuanguka, kilibaki kinatembea, na abiria wote wakawa wanakikwepa kwa heshima. Mama mmoja wa Musoma aliyekuwa kiti cha mbele alijifunika kanga gubigubi mpaka mwisho wa safari. Nimwombe radhi hapa kama anasoma. Kuku alitulia. Alikunja miguu akaelea, kama aliyezaliwa kwa kazi hiyo.

NDANI YA MELI

Melini uzito ulirudi kidogo, kama wa mtu aliyetoka kuugua. Nilitegemea taa na vioo. Nilikuta nguo zimeanikwa. Njia zote zilikuwa na kamba za nguo, na chini ya kamba kulikuwa na familia, kila moja na godoro lake na mstari wa chaki kuonyesha mpaka. Tulipopita nikiwa naongea, viganja viliinuka pande zote mbili, mamia ya viganja, wote wanataka kusikia hii sauti ngeni inasema nini. Nilikuwa nasema kwamba viatu vinanibana.

Watoto walimfuata kuku. Mzee mmoja alimwinamia akasoma namba mguuni kwake, akamuuliza Mabula kitu, Mabula akasita kunitafsiria.

"Anauliza huyu kuku amengoja muda gani kupata namba."

"Mwambie dakika kumi."

"Yeye ana miaka mitatu hajapata," alisema Mabula. Hatukumwambia.

Tulingojeshwa siku nzima na nusu. Walitupa chakula cha wasafiri, uji wa kijivu. Nilifungua ndoo ya michembe, na wale wafanyakazi wa kutoka chini, waliokuwa hawajaona chakula cha meno kwa miezi, wakaanza kuniita mzee kwa upendo mkubwa. Nina miaka arobaini na nane.

Ofisa wetu alikuwa Zuhura, binti wa Tanga, mpole, ana kompyuta na uso wa mtu ambaye hajalala vizuri tangu aajiriwe. Alitukalisha kwenye chumba kidogo. Akaita kwa kipaza sauti jina la mama yake Mabula, Oloshe, mara mbili. Mlango ukafunguka, akaingia mama mzee wa kwao, mfupi kwa watu wale, na kifurushi kifuani.

Kwao watu wa familia wakikutana, mmoja anaweka kiganja kooni kwa mwenzake ili aisikie sauti yake kutoka ilipo. Mabula alisimama, na kabla hajamtazama vizuri akamwekea kiganja kooni. Yule mama akasema maneno machache. Nikauona mkono wa Mabula unashuka wenyewe, polepole, mpaka ukafika pajani.

Akaniambia kwa Kisukuma, bila kugeuka, "Siye."

Zuhura hajui Kisukuma. Alikuwa anatabasamu. "Wape nafasi," aliniambia. "Wengi huwa wanakosa maneno."

Yule mama alianza kuongea, kwa sauti ndogo, haraka. Mabula akawa ananitafsiria, na mimi nawaletea nilivyosikia. Jina lake Teyusalimo. Kitanda chake kilikuwa chini ya kitanda cha Oloshe. Walikaa hivyo miaka miwili na zaidi. Oloshe alikufa msimu uliopita, kifua, na wakubwa wa meli hawakufuta jina lake kwa sababu hakuna aliyewaambia.

"Waliita jina lake," alisema yule mama. "Hakuna aliyejibu. Wakaita tena siku ya pili. Siku ya tatu nikajibu mimi. Langu hawajawahi kuliita."

Mabula alikaa chini sakafuni, akaupa ukuta uso. Mimi nilikuwa na kuku mapajani na kitenge mkononi. Zuhura aliacha kutabasamu. Yule mama hakujitetea. Alisimama pale pale, amekumbatia kifurushi chake, kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

Kisha Mabula aliuliza kitu bila kugeuka. Yule mama akajibu. Akauliza kingine. Akajibu kwa kirefu zaidi. Nikaona mabega ya Mabula yanatikisika, nikadhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini siyo peke yake. Alikuwa anacheka.

"Nimemuuliza mama alikuwa anasema nini juu yangu," aliniambia. "Amesema kila siku alisema mimi ni mvivu wa kuosha vyombo. Kwamba nikiwa mdogo nilificha sufuria chafu chini ya kitanda mpaka zikaota. Kwamba nimeoa mwanamke mwenye viganja vidogo." Akajifuta uso. "Anazijua habari zangu zote mbaya, baba. Hakuna mtu mwingine aliyebaki anayezijua."

"Na ile siku ya kukimbia?" niliuliza. "Mwulize."

Hakutaka. Nikamwambia tumekuja mbali mno kurudi bila hilo. Akauliza. Yule mama alimsogelea, akainama, akamjibu karibu na kiganja. Maneno yenyewe Mabula amenikataza kuyaandika. Niseme tu kwamba mama yake alikuwa amekiona chombo chao kikipaa kutoka upande ule wa mji, na alikuwa ameshangilia.

Mabula akasimama, akamgeukia Zuhura, akamwambia kwa Kiswahili, wazi kabisa, "Mama yangu mzazi amekufa. Huyu alikaa naye. Namchukua huyu."

Zuhura akavuta pumzi. "Kaka, pole sana. Lakini siwezi. Fomu ina mume, mke, mtoto, baba, mama. Jirani wa kitanda haimo."

"Hebu niisome," nilisema.

Aliigeuza kompyuta. Miaka kumi na tisa najaza fomu za chanjo, fomu haziniogopeshi. Nikasoma mara mbili.

"Dada Zuhura, hapa pameandikwa mama. Hapajaandikwa mama mzazi."

"Inaeleweka hivyo, mzee wangu."

"Inaeleweka hivyo Tanga. Huyu kijana kabila lake Msukuma, liko kwenye daftari la gesti Bariadi, unaweza kupiga simu. Kwetu mama mzaa chema na mama mdogo na mke wa jirani na yule anayeuza nyanya, wote wa umri huo ni mayu, na unamwamkia hivyo hivyo, na akikutuma unakwenda. Mimi mwenyewe nina mayu kama arobaini."

"Arobaini?"

"Na wote wananituma."

Alinitazama, akamtazama yule mama, ambaye sasa alikuwa ameinua viganja vyote viwili kuelekea kwetu ingawa haelewi lugha, anatusikiliza tu jinsi tunavyobishana juu yake. Zuhura akaita mkubwa wake. Mkubwa akaja, akaambiwa, akasema suala hilo halijawahi kutokea, akaondoka kwenda kuuliza. Tulingoja. Zuhura alikula mchembe. Mkubwa akarudi akiwa na swali moja tu: hilo neno linaandikwaje?

"M, a, y, u," nilisema.

Akamwambia Zuhura aandike jina la Oloshe kwenye orodha ya marehemu, na la Teyusalimo mahali pake halali, uhusiano: mayu. Zuhura alipiga herufi moja moja. Alipomaliza, mashine ikatoa sauti, na namba ikatoka. Ilikuwa namba inayofuata ile ya kuku.

KURUDI

Kushuka nilifumba macho tena. Mama Teyu, maana ndivyo nilivyoanza kumwita, aliyafumbua yote mawili njia nzima.

Pale Kiloleli alishuka, upepo wa ziwa ukampiga viganjani, akasimama katikati ya kiwanja mikono juu, hataki kusogea. Shabani alikuwa anatusubiri na Fuso tupu. "Amekamatwa?" aliniuliza.

Mama Teyu, kwa kuwa mfupi, alienea mbele kwa dereva. Njia nzima aliuliza, na Mabula akapenyeza kichwa kwenye dirisha dogo la nyuma kutafsiri. Hawa ng'ombe wote ni wako? Hapana. Hilo shamba? Hapana. Kile kiwanda? Hapana. Tulipofika Bariadi alikuwa ameanza kusikitika kwa niaba ya marehemu. Shabani alimpa mashudu kwenye mfuko wa karatasi, akala, akasema kitu. Mabula akatafsiri kwamba yamekosa chumvi.

Kulikuwa na jambo moja tuliloshindwa. Tulijaribu kupiga simu nyumbani tangu Kiloleli kusema kilichotokea, mtandao ukatukatalia. Kwa hiyo tulipoingia Shishiyu, saa tisa alasiri, walikuwa wamejipanga. Turubai, viti vya shule, mbuzi ameshachinjwa, na kwaya ya Mama Limi mbele kabisa wamevaa sare. Wiki mbili walikuwa wamefanya mazoezi ya wimbo wa kumkaribisha Mama Oloshe, na jina lake lilikuwa kwenye kila mstari. Walianza kabla gari halijasimama.

Kabula alikuwa amesimama mlangoni, amenyooka kama anakaguliwa. Mama Teyu aliposhuka, nilimwona Kabula akimtazama mara moja tu. Alijua. Mkono ukaenda mdomoni, na siyo kwa furaha ya kuponyoka.

Mabula aliinua mikono, safari hii kwa kutaka kusikilizwa, na Mama Limi akanyamazisha kwaya. Akawaambia wote. Mama yangu amefariki. Huyu ni mama niliyerudi naye.

Nusu ya watu walikuwa wamesimama kushangilia, wakakaa. Waliokaa wakasimama kutoa pole. Mzee mmoja alimshika Mabula mkono akasema, "Pole na hongera," kwa mkupuo mmoja, na wengine wakaona ndivyo inavyofaa, wakapanga foleni kusema hivyo hivyo. Mbuzi wa sherehe akawa mbuzi wa msiba bila kubadilishiwa sufuria. Kabula alilia sana. Alimlilia mkwe aliyemwogopa, kisha akamchukua Mama Teyu kwa mkono akamwingiza ndani, akamwonyesha lipu mpya. Mama Teyu akaigusa ukutani, akasema kitu, na Kabula akacheka machozi yakiwa bado yanamtoka. Mke wangu alimkabidhi kuku. Kitenge nilimpa mimi.

Tulikaa msiba siku tatu, bila kaburi, na kila mtu alikuja. Siku ya tatu, baada ya sala, Mama Limi alinifuata. Alikuwa na tatizo. Wimbo ulikuwepo, sare zilikuwepo, na mgeni alikuwa hajaimbiwa. Alitaka kuweka jina lake, lakini Oloshe ni la mapigo matatu na Teyusalimo ni la mapigo matano, halikai kwenye mstari.

"Liimbeni Teyu," nilimshauri.

Wakajipanga mbele ya mlango. Mama Teyu akatolewa kiti, akakaa, akainua viganja. Wakaimba ubeti wa kwanza, na ulikuwa mzuri, na jina likaja mara nne, Teyu, Teyu. Akawasimamisha kwa mkono. Akaongea na Mabula.

"Anasema hilo ni nusu," alisema Mabula. "Anataka lote."

Mama Limi akahesabu kwa vidole, akanong'ona na wa sauti ya pili, wakajaribu tena. Teyusalimo. Mstari ukachelewa, ngoma ikatangulia, sauti ya tatu ikapotea kabisa. Akawasimamisha tena. Sasa alikuwa amesogea ukingoni mwa kiti.

"Anasema mmelitamka kama jina la mtu mwingine. Herufi ya katikati ni ndefu." Mabula akamsikiliza tena. "Na anasema muanze upya, ana nafasi."

Mama Limi akarekebisha kilemba chake, akawatazama wanakwaya wake wote mmoja mmoja, akahesabu moja, mbili, tatu, nasi watazamaji tukaanza nao upya.